Mnyama Anayepanda Ufukweni

Ukitaka kuwaona sili wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, usianze na darubini wala koti. Anza na jedwali la maji. Maji yakipwa, mafungu ya mchanga huibuka na sili hupanda kujilaza. Maji yakijaa, wengi hurudi baharini na wewe unabaki kutazama mawimbi. Jambo hilo sikufundishwa nilipohamia huko. Mtu aliyezaliwa Jibondo, kimojawapo cha visiwa vidogo vya Mafia, haambiwi kwamba bahari ina saa zake. Bamvua na maji mafu niliyajua kabla sijazijua herufi. Ugenini mengi niliyokwenda nayo hayakuwa na kazi: namna ya kuchagua samaki sokoni, namna ya kusoma mawingu ya kusi, hata namna ya kuamkia watu. Ujuzi huu mmoja ndio ulionifaa bila kubadilishwa.

Mimi ni mkunga. Nilikwenda Norwich kufanya kazi hospitalini, na kutoka mjini hadi baharini ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Zamu za usiku zina fadhila moja: hukuachia siku za katikati ya wiki, wenzako wakiwa kazini na ufukwe ukiwa wazi. Aliyenipeleka Horsey mara ya kwanza ni mwenzangu wa zamu, mzaliwa wa vijiji vya hapo karibu. Ilikuwa Novemba. Alinitazama nilivyovaa, akafungua buti la gari lake na kunipa koti la mumewe nilivae juu ya langu.

Horsey haina mnazi wala mkoko. Nyuma yako kuna mashamba tambarare na kinu cha upepo cha zamani kilichokuwa kikivuta maji mashambani. Mbele kuna vilima vya mchanga vilivyoota nyasi ngumu, kisha ufukwe, kisha Bahari ya Kaskazini, nzito, rangi ya tope. Njia ya miguu hupita juu ya vilima, na upande wa ufukweni imefungwa kamba. Hapo juu ndipo nilipowasikia. Watoto wa sili hulia, na kilio chao humgeuza shingo mkunga yeyote, apende asipende.

Walikuwa wametapakaa ufukwe mzima. Wakubwa wamejilaza ubavu, wengine weusi, wengine wa kijivu chenye mabaka, na kila hatua kadhaa kitu cheupe kimelala karibu na tumbo. Madume yalikaa pembeni, shingo nene zenye makovu ya kung'atana. Dume la sili wa kijivu hufika kilo 300, na ukiliona linavyojikokota mchangani kwa tumbo, linavuta pumzi na kupumzika kila hatua chache, huwezi kuamini kwamba ndilo lile lile ambalo baharini hakuna mtu awezaye kulifukuza.

Kwenye kamba walisimama watu waliovaa makoti ya rangi kali, wa kikundi cha kujitolea kiitwacho Friends of Horsey Seals. Kila majira ya baridi huelekeza wageni wapite njia ya juu, humwomba mwenye mbwa amfunge, na hujibu maswali yale yale tangu asubuhi hadi jua linapotua, na huko wakati wa baridi jua hutua saa kumi jioni. Aliyetupokea alikuwa bibi wa rika la mama yangu, pua imemwiva kwa upepo. Nilimwuliza kwa nini tusishuke hadi chini, maana mchanga ulikuwa mpana na upande ule sili walikuwa wachache. Hakunihubiria. Aliniashiria sili mmoja jike aliyelala na mtoto wake. "Mwangalie kichwa," akasema. "Kikiwa chini, umesimama pazuri. Akikiinua akakutazama, umeshamkaribia mno."

Nimekaa na kanuni hiyo miaka mingi sasa. Niliipenda kwa sababu ilikuwa ya kazini kwangu pia. Mkunga mkuu aliyenilea Muhimbili alikuwa akituweka kwenye kiti pembeni ya chumba, mikono mapajani, tumtazame mama mwenye uchungu bila kumgusa. Mama akianza kututazama sisi badala ya kusikiliza mwili wake, alitutoa nje. Kumbe kuna namna ya kutazama inayobadili kile unachokitazama, na mtazamaji mzuri ni yule anayeijua mipaka yake bila kusubiri kufukuzwa.

Umbali huo una sababu, nayo imo katika hesabu ya uzazi wa sili wa kijivu. Pwani ya Norfolk huzaa kati ya mwisho wa Oktoba na Januari. Mtoto hutoka na manyoya meupe marefu, uzito wa kilo 14 hivi, ngozi imemlegea kana kwamba amevalishwa nguo ya kaka yake. Nguo hiyo haikai siku nyingi kabla ya kumjaa. Maziwa ya mama yake yana mafuta karibu asilimia 60, na mtoto huongeza takriban kilo mbili kila siku. Wodini kwetu, mtoto akiongeza gramu 30 kwa siku tunamwambia mama alale bila wasiwasi. Mama wa sili, kwa upande wake, hawindi muda wote huo. Kila kilo anayoipata mtoto hutoka kwenye shahamu aliyoiweka mwilini miezi iliyopita. Ananyonyesha kwa siku 18 hivi, anapandwa na dume, kisha anaingia baharini na kwenda zake. Hamfundishi mtoto kuogelea, wala hamwonyeshi samaki.

Mwenzangu wa zamu alisema huo ni ukatili. Wapo watakaosema ni funzo la kujitegemea. Mimi sikuona hili wala lile. Niliona mama aliyefika mwisho wa akiba yake: akibaki wiki moja zaidi, atakufa yeye na mtoto hatafaidika. Mtoto hubaki peke yake ufukweni wiki mbili hadi nne, akiishi kwa mafuta aliyonyonya, anapukutisha manyoya meupe na kuota ya kijivu, hadi njaa inapomsukuma majini. Wengi hawaumalizi mwaka wao wa kwanza. Wanaoumaliza wanaweza kuishi muda mrefu, majike hata miaka zaidi ya 30.

Sasa weka mtu katikati ya hizo siku 18. Anashuka vilima na simu mkononi, anataka picha ya karibu. Jike linashtuka, linakimbilia majini. Mama na mtoto hutambuana kwa harufu na sauti. Wakitenganishwa wakati ufukwe umejaa vilio vya mamia, huenda wasikutane tena. Mtoto aliyekosa maziwa siku nne amekosa zaidi ya moja ya tano ya malezi yote atakayoyapata maishani. Mwenye simu haoni hilo. Anaona mnyama ameondoka, anapata picha ya mgongo, anarudi garini na moyo mweupe kabisa. Madhara mengi niliyoyashuhudia kwenye ile kamba yalifanywa na watu waliokuja kwa sababu wanawapenda wanyama.

Hata michezo ya watoto ina mkono wake. Kuna visahani vya plastiki vya kurushiana ufukweni, vile vyenye tundu kubwa katikati. Kikipeperushwa na upepo kikaanguka baharini, sili mdogo hukichezea, kichwa kinapita, shingo inanasa. Mwili unakua, plastiki haikui. Watu wa pwani hiyo wamewakamata sili kadhaa wenye pete hizo zilizozama ndani ya nyama na kuwapeleka East Winch, hospitali ya wanyamapori ya shirika la RSPCA, ambako hukatwa pete, hutibiwa vidonda kwa miezi, kisha hurudishwa baharini. Baada ya visa hivyo, kampeni zimefanywa kuwaomba watu wanunue visahani vilivyozibwa katikati. Ni jambo dogo, lakini mtu anaweza kulitimiza akiwa bado dukani.

Sili hawaonekani msimu wa kuzaa peke yake. Kiangazi ni zamu ya jamii nyingine, sili wa kawaida, wadogo kidogo, wenye madoa, ambao watoto wao huzaliwa Juni na Julai na kuweza kuogelea ndani ya saa chache. Kuwatofautisha si kazi ngumu ukipata uso: sili wa kijivu ana pua ndefu iliyonyooka kutoka paji hadi mdomoni, na matundu ya pua yamekaa sambamba, wa kawaida ana uso mfupi wa mviringo, na matundu yake yanakutana chini kwa umbo la herufi V. Njia nzuri ya kuwaona wote wawili ni kupanda mashua kijijini Morston kwenda Blakeney Point, ulimi mrefu wa kokoto na mchanga ulioingia baharini. Mashua hung'oa nanga saa za maji kujaa, kwa sababu yakipwa mkondo wote hubaki tope. Nahodha huzima injini mbali na kuuacha mkondo uwasogeze. Waliolala fungu la mchanga hawajali. Waliomo majini ndio wanaokuja kutazama watu: kichwa kimoja, kisha kingine, vimesimama wima, macho makubwa meusi, dakika nzima bila kupepesa.

Hapo ndipo unapoanza kumwelewa mnyama huyu mahali pake. Kabla ya kuzama, sili hutoa pumzi badala ya kuivuta. Oksijeni anayoitegemea ameibeba kwenye damu na misuli, na mapigo ya moyo hushuka. Sili wa kijivu akiwa kwenye mzamo mrefu, yanaweza kupungua chini ya kumi kwa dakika. Mimi nimezoea kusikiliza mioyo ya watoto tumboni inayopiga zaidi ya 110. Moyo unaopiga mara kumi ungenifanya nikimbie kuita daktari. Chini huko kwenye maji ya tope, ambako macho hayamsaidii sana, anawinda kwa sharubu. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Guido Dehnhardt walionyesha kwamba sili aliyefunikwa macho na kuzibwa masikio aliweza kuufuata msukosuko wa maji ulioachwa na nyambizi ndogo ya majaribio iliyokwisha kupita. Samaki akikata maji, huacha njia nyuma yake, na sili huisoma njia hiyo kwa nywele za mdomo.

Nikiwatazama kwa wingi ule, nilidhani Waingereza wamewapenda wanyama hawa tangu enzi. Bibi wa kamba alicheka niliposema hivyo. Babu zao waliwapiga marungu kwa ajili ya mafuta na ngozi, na sehemu rahisi ya kuwapiga ilikuwa hapo hapo wanapozaa, kwa sababu mama haondoki upesi na mtoto hawezi kukimbia. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ilisemwa kwamba sili wa kijivu wamebaki mia chache. Mwaka 1914 bunge likapitisha sheria ya kuzuia kuwaua wakati wa kuzaa, mojawapo ya sheria za mwanzo kabisa nchini humo za kumlinda mnyama wa porini. Idadi ilipopanda, wavuvi walilalamika, na serikali ikaruhusu wapunguzwe kwa bunduki. Mwaka 1978 mpango wa kuwaua kwa wingi visiwani Orkney ulisitishwa kwa kelele za wananchi. Kabla ya hapo, sheria nyingine ilikuwa imekuja 1970, nayo bado ilimruhusu mvuvi kumpiga risasi sili aliye karibu na wavu wake. Mlango huo kwa England ulifungwa Machi 2021 tu.

Bahari nayo haikusubiri sheria. Mwaka 1988 ugonjwa wa virusi uliingia Bahari ya Kaskazini na kuua karibu nusu ya sili wa kawaida wa ghuba ya The Wash, jirani na Norfolk. Mizoga ilipojaa pwani, wapiga mbizi wa kawaida tu walikusanyika kusaidia, na kutokana nao likazaliwa shirika la British Divers Marine Life Rescue, ambalo hadi leo ndilo linaloitwa mnyama wa bahari akikwama. Usiku wa tarehe 5 Desemba 2013 maji ya dhoruba yaliifunika pwani hiyo katikati ya msimu wa kuzaa na kusomba watoto kwa mamia. Pamoja na yote hayo, sili wa kijivu wameongezeka. Blakeney Point, ambayo iko mikononi mwa National Trust tangu 1912, ilihesabu watoto 25 mwaka 2001. Haikupita miaka 20, wakafika zaidi ya 3,000 kwa msimu mmoja. Sasa Uingereza ina zaidi ya theluthi moja ya sili wa kijivu wote duniani. Sili wa kawaida hawajapata bahati hiyo. The Wash miaka ya karibuni wamepungua tena. Majirani wawili, sheria moja, mafungu yale yale ya mchanga, na mambo yao hayaendi sawa.

Siku moja nikiwa Horsey nilimtumia baba video kwa simu. Baba ni mvuvi wa jarife aliyekwisha kustaafu, ingawa mvuvi hastaafu, huacha tu kwenda. Alipiga mara moja.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hao ni nguva?"

"Hapana, Baba, ni sili. Hawa wanakula samaki."

"Wanakula samaki wengi?"

"Mmoja mkubwa, kilo tano hivi kwa siku."

Akapiga mruzi. "Na wamejileta wenyewe mchangani, wakalala?"

"Wenyewe."

"Na hakuna anayewagusa?"

"Kuna watu wamesimama kuwalinda. Bibi mmoja rika la mama anakuja hapa baridi yote hii."

Alinyamaza kidogo. "Anafanya vema," akasema. "Lakini nguva hapandi mchangani. Huyo bibi yako, kwetu angesimama wapi?"

Tulikata simu kwa salamu za watu wa nyumbani, na swali likabaki nami kwenye gari, wodini, kitandani. Kwa sababu baba alikuwa amegusa tofauti kubwa kuliko ile ya baridi na joto. Sili ni mnyama wa bahari aliyebaki na deni kwa nchi kavu: lazima apande kuzaa. Deni hilo lilikaribia kummaliza, maana muuaji alijua mahali na majira. Deni hilo hilo ndilo lililomwokoa, maana mlinzi naye anajua mahali na majira. Sheria ya 1914 ingeweza kusimamiwa na mtu mmoja mwenye buti na fimbo. Sili huhesabika kwa picha zinazopigwa kutoka angani, kikihesabika kitu huonekana kikipungua, na kikionekana kupungua watu hupiga kelele.

Nguva hana deni hilo. Hula majani ya baharini, huzaa majini, hunyonyesha majini, hulala majini. Kitu pekee anachokifuata juu ni pumzi, kila baada ya dakika chache, pua zikichomoza kidogo na kuzama tena. Niliposoma uzazi wake kwa macho ya kikazi, niliingiwa na hofu. Mimba hukaa zaidi ya mwaka. Huzaa mtoto mmoja. Kati ya mtoto na mtoto hupita miaka mitatu hadi saba, na mama hupevuka akiwa amechelewa, pengine baada ya miaka kumi na zaidi. Jike la sili wa kijivu huweza kuzaa kila mwaka. Ukimuua mmoja leo, pengo huzibika. Ukipoteza nguva jike mmoja kwenye kundi dogo, umepoteza uzazi wa miongo.

Naye hapotei kwa rungu. Hupotea kwenye jarife, wavu wa macho makubwa unaotegwa usiku kwa papa na taa. Nguva hunasa, hawezi kufika juu, anakufa maji. Baba alinisimulia wa mwisho aliyemwona kwenye wavu wao, mimi nikiwa darasa la tatu. Hawakumtafuta. Walivuta wavu alfajiri wakamkuta ameshakufa, nyama ikagawanywa kisiwa kizima. "Kama angekuwa hai," nilimuuliza baba mara nyingine, "mngemtoa?" Akanijibu kama mtu aliyekwisha kuipima: "Mnyama wa kilo mia tatu, mia nne, humtoi kwenye wavu bila kuukata. Wavu ule tuliulipia msimu mzima. Ningekata, halafu nyinyi mle nini?"

Kisheria nguva analindwa Tanzania, na analindwa Kenya. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1995. Hata hivyo, mwishoni mwa 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka; wakubwa wa kuzaa walikadiriwa kuwa pungufu ya 250 kwa pwani yote. Kundi lenye matumaini limebaki Bazaruto, Msumbiji. Kwetu wanatajwa wachache kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na kwa Kenya upande wa Lamu. Sheria ipo, bustani za majani zipo, na bado mnyama anakwisha. Kwa hiyo mtu asije akarudi kutoka Norfolk na wazo la kufunga kamba. Hakuna pa kuifunga.

Kinachoweza kusafiri ni mpangilio wenyewe. Watu wa Horsey walitafuta saa na mahali ambapo mnyama ni dhaifu kuliko pengine pote, wakaenda kusimama hapo. Tulipoona kasa anapungua, tulifanya jambo hilo hilo nyumbani. Kasa naye ana deni la nchi kavu. Sea Sense, shirika lililoanza Mafia mwaka 2001, liliwafuata wanavijiji, wale wale waliokuwa wakichimba mayai, na kumpa kifuta jasho anayetoa taarifa ya kiota na kukilinda. Kisiwani Juani, jirani zetu, wageni hulipa kuona vitoto vya kasa vikitoka mchangani kuelekea majini, na sehemu ya fedha hubaki kijijini. Nilipokwenda likizo nilimkuta binamu yangu analinda viota. Alinisimamisha mbali na kiota na kuniambia nizime taa ya simu, kwa sauti ya amri ambayo hajawahi kuitumia kwangu. Hakuna aliyemtuma kutoka Uingereza. Anajua usiku wa kasa kama bibi wa Horsey anavyojua baridi ya sili, na kila mmoja amewekewa sababu ya kusimama pale.

Usiku wa nguva ni ule ambao wavu umo majini. Udhaifu wake hauko mahali kwenye ramani, uko kwenye zana na kwenye mfuko wa mwenye zana. Mlinzi wake basi ni mvuvi, na huyo hafanani na bibi mwenye pensheni na nafasi ya kusimama kwenye upepo bure. Watamu, pwani ya Kenya, Local Ocean Conservation wameliona hilo kwa kasa: mvuvi anayenasa kasa kwa bahati mbaya huwapigia simu, wao humfuata, humpa kiasi kidogo cha kufidia muda na zana, na kasa hurudi baharini. Kiasi hicho hakimtajirishi mtu. Kinaondoa tu ile hesabu ya baba, ya wavu upande mmoja na chakula cha watoto upande wa pili.

Nimewasikia watu wa mikutano wakisema wavuvi wetu wanahitaji elimu ya kumpenda nguva. Baba yangu hana upungufu wa mapenzi kwa nguva. Anamsimulia kwa adabu ambayo wengi wa wasomi wa bahari hawanayo. Waingereza nao hawakuwapenda sili kwanza ndipo wakawalinda. Waliwalinda kwa sheria, kamba na watu wa zamu, kizazi kimoja kikaupata ufukwe umejaa, na mapenzi yakafuata. Wavuvi wao bado wananung'unika juu ya nyavu zinazoraruliwa, na wana haki ya kunung'unika, kwa sababu sili anakula kweli. Ulinzi una gharama, nao haujatimia hadi ijulikane gharama hiyo inatua kwenye bega la nani.

Likizo iliyofuata nilimpelekea baba jibu lake, tumekaa barazani, maji yakiwa yamepwa hadi mbali. Nilimwambia bibi wa Horsey akija kwetu asisimame ufukweni. Asimame dikoni alfajiri, nyavu zinaposhushwa, na mkononi awe na bei ya wavu mmoja wa jarife, tayari kulipa bila maswali kwa yeyote aliyekata wake.

Baba alifikiri. "Bei ya wavu mpya," akasema, "si ya wavu uliotumika. Na alipe siku hiyo hiyo."

Nimeyaandika masharti hayo mawili kwenye daftari langu. Kamati ya uvuvi ya kijiji ikikaa tena, binamu yangu atayasoma, na jina la baba litatangulia la kwangu.